Utabiri uliofungiwa kabatini haumwokoi mtu

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, watabiri huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Wapo wanaosoma nyota, wapo wanaodai kuoteshwa usiku, na wapo wenye shahada za juu wanaotujia na majedwali na asilimia zao. Tunapouelekea uchaguzi uliopangwa kufanyika Agosti 2027, soko hilo limekwisha kufunguliwa. Mmoja atatwambia nani atashinda, wa pili atatutajia maeneo yatakayowaka moto, na wa tatu atatuhakikishia kwamba hakuna litakalotokea. Wananchi husikiliza, hucheka, huogopa, kisha husahau.

Mimi sina ugomvi na utabiri. Taifa lisilotazama mbele ni kama nahodha anayeabiri bila kuangalia mawingu, naye asiangushe lawama kwa bahari chombo kinapozama. Wala sikusudii leo kubishana juu ya nani atakayeingia Ikulu. Swali ninalotaka tulitafakari ni jingine, nalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: utabiri wa mambo ya jamii ukishapatikana, ni mali ya nani? Nani huambiwa, nani hufichwa, na ni nani hulipa gharama ya kufichwa huko?

Ili kulijibu swali hilo, sharti nianzie mbali kidogo, katika hadithi za kubuni za Marekani. Mnamo 1942, Isaac Asimov, kijana aliyesomea kemia, aliyezaliwa Urusi na kuhamia New York pamoja na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, alianza kuchapisha katika jarida la Astounding Science Fiction mfululizo wa hadithi ambazo baadaye zilikusanywa katika vitabu vitatu, kati ya 1951 na 1953. Cha kwanza kiliitwa Foundation. Asimov alikuwa amezama katika historia ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi kama ilivyoandikwa na Mwingereza Edward Gibbon, naye akajiuliza: je, ingekuwaje lau pangekuwapo mtu aliyeuona mwanguko huo ukija, tena akauona kwa hesabu?

Mtu huyo alimbuni na kumwita Hari Seldon. Katika hadithi, Seldon ni mwanahisabati anayeishi chini ya dola kubwa iliyotawala mamilioni ya sayari. Ameivumbua elimu iitwayo saikohistoria, yaani sayansi ya kutabiri kwa hesabu mwenendo wa jamii nzima nzima. Hesabu zake zinamwonyesha kuwa dola itaanguka, na kwamba baada ya kuanguka kwake kutakuwa na miaka 30,000 ya giza na vita. Mwanguko wenyewe hauwezi tena kuzuilika. Kinachowezekana ni kukifupisha kipindi cha giza mpaka kiwe miaka 1,000 tu, iwapo mpango wake utafuatwa.

Asimov aliukopa mfano wake kutoka katika elimu ya gesi. Hakuna mwanakemia awezaye kukwambia molekuli moja ya hewa iliyomo ndani ya tairi la baiskeli itakwenda upande gani. Lakini ukiitazama hewa yote kwa pamoja, waweza kuipima nguvu yake bila wasiwasi. Kadhalika, alisema mwandishi huyo, mtu mmoja hatabiriki, ila umati mkubwa mno hutabirika.

Elimu hiyo ya kubuni ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba watu wanaotabiriwa wawe wengi kupita kiasi. La pili ni kwamba watu hao wasijue lililotabiriwa, maana wakijua watabadili mwenendo wao na hesabu itaharibika. Kwa sababu ya sharti hili la pili, Seldon anawaficha watu mpango wake na kuwaachia walinzi wachache wa siri, ambao kazi yao ni kuirekebisha historia kila inapopotoka, raia wakidhani wanajiamulia wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Asimov alikuwa akisimulia hadithi. Hakuwa akiandika katiba. Lakini sharti lake la pili ndilo linalowavutia sana wenye mamlaka katika ulimwengu wetu huu usio wa kubuni. Wako wengi wanaotamani kujua raia atafanya nini kesho, huku raia mwenyewe akiwa hana habari.

Si kwamba fikira hii ya kuisoma jamii ni mpya au ni ya wazungu peke yao. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima yake ya 1377 kwamba tawala zina umri kama binadamu. Alieleza kuwa watu wanaoshikamana kwa nguvu, mshikamano aliouita asabiya, huinuka kutoka pembezoni na kuuteka mji. Watoto wao huonja raha. Wajukuu wao hudhoofika kwa anasa. Na kwa kawaida utawala haupiti vizazi vitatu, yaani kama miaka 120. Hiyo ilikuwa saikohistoria karne sita kabla ya Asimov. Tofauti ni kwamba Ibn Khaldun aliiweka elimu yake kitabuni, mwenye macho asome.

Lililofuata katika zama zetu halikuwa na uwazi huo. Mnamo 1964 jeshi la Marekani lilianzisha mradi ulioitwa Camelot, uliosimamiwa na ofisi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha American mjini Washington. Wasomi wa elimu ya jamii waliajiriwa watafute dalili za mapema zinazoonyesha ni nchi gani itakayolipuka kwa uasi, na serikali yake isaidiwe vipi kuuzima. Macho yalielekezwa hasa Amerika ya Kusini. Mwaka 1965 habari zilivuja nchini Chile, pakazuka kelele bungeni na magazetini, na mwezi Julai mwaka huo huo Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, akaufuta mradi. Watu wa Chile walikuwa wamegundua kwamba wao ndio waliokuwa wakipimwa, na kipimo hicho kilikuwa cha kumfaa mwingine.

Yuko pia mtaalamu wa siku hizi ambaye kazi yake inakaribia sana ndoto ya Seldon. Peter Turchin, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alianza kwa kuchunguza jinsi makundi ya wadudu na wanyama wadogo yanavyoongezeka na kupungua, kisha akazihamishia hesabu zake kwa binadamu. Hata lile neno asabiya la Ibn Khaldun amelitumia. Mnamo 2010 alichapisha katika jarida la Nature barua fupi akionya kwamba Marekani na Ulaya Magharibi huenda zikakumbwa na misukosuko ya kisiasa ambayo ingefikia kilele karibu na mwaka 2020. Alitaja sababu: mapato ya wafanyakazi yaliyodorora, deni la serikali linalopanda, na wasomi wengi kuliko nafasi za kuwaajiri. Mwaka 2020 ulipowadia, Marekani iliona maandamano makubwa baada ya polisi kumwua George Floyd, na Januari 6, 2021 umati ukalivamia bunge lake.

Wanahistoria wengi hawakumpigia makofi. Walisema kwamba anayetabiri misukosuko bila kutaja siku, mahali wala sura yake, hawezi kukosa kamwe. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo namsifu Turchin kwa jambo moja: alisema hadharani, miaka kumi kabla, na kwa hiyo tunaweza leo kumpima. Mtabiri wa wazi hujiweka mizanini. Mtabiri wa siri hapimwi na mtu.

Asimov mwenyewe aliujua udhaifu wa sayansi yake ya kubuni. Katika kitabu cha pili alimleta mtu mmoja wa ajabu aliyeitwa Baghala, yule mnyama mzao wa punda na farasi, ambaye hakuwamo katika hesabu yoyote. Kwa kipaji chake cha kugeuza mioyo ya watu, aliupindua mpango wote wa Seldon. Dunia yetu nayo ina mabaghala wake. Mnamo Desemba 17, 2010, katika mji wa Sidi Bouzid nchini Tunisia, mchuuzi Mohamed Bouazizi alijichoma moto baada ya bidhaa zake kutwaliwa. Hata mwezi mmoja haukuisha kabla ya Rais Ben Ali kuitoroka nchi, Januari 14, 2011. Ukosefu wa kazi na hasira za vijana vingeweza kupimwa kabla ya siku hiyo. Mchuuzi yule hangeweza. Wataalamu waweza kutwambia nyasi zimekauka kiasi gani, ila hawawezi kutwambia ni nani atakayewasha kiberiti.

Hebu sasa turudi nyumbani, tuyapime masharti mawili ya Seldon kwa mambo tuliyoyaona wenyewe. La kwanza, la wingi, halina shida. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kama robo tatu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Lakini je, ni kweli kwamba utabiri ni lazima ufichwe ili uwe na faida? Historia yetu inajibu kwamba la, tena inajibu kwa tarakimu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa kasi ya kuongezeka kwa watu. Mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, na kasi ya ongezeko ilikadiriwa kuwa asilimia 3.8 kwa mwaka. Ukiichukua kasi hiyo na kuipeleka mbele kwa miaka 40 bila kuigusa, utapata takriban watu milioni 68 mwaka 2019. Hao ni zaidi ya milioni 20 kuliko waliohesabiwa. Wataalamu walitahadharisha wakati ule kwamba shule, mashamba na hospitali hazingetosha.

Je, walikosea? Kwa hesabu ya juu juu, ndiyo. Kwa hakika, walifaulu kuliko watabiri wote niliowataja. Onyo lao halikuwekwa kabatini. Kenya ilikuwa na mpango wa kitaifa wa uzazi tangu 1967, wa kwanza katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, na mwaka 1982 likaundwa baraza la taifa la idadi ya watu na maendeleo. Habari zilipelekwa redioni, zahanatini na barazani. Wasichana wengi zaidi walikwenda shule. Mama aliyezaliwa katika nyumba ya watoto tisa alipiga hesabu ya karo na shamba, akaamua watoto wanne wanamtosha. Kufikia utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, wastani ulikuwa umeshuka hadi watoto 3.4 kwa mwanamke. Ni kweli kwamba UKIMWI, uliotangazwa janga la taifa mwaka 1999, nao ulichukua roho nyingi katika kipindi hicho. Lakini badiliko kubwa lilitokea ndani ya nyumba, kwa watu waliojua na wakaamua.

Hivyo, sharti la pili la Seldon linageuka kichwa chini miguu juu. Yeye aliogopa kwamba watu wakijua, utabiri utaharibika. Mimi nasema hiyo ndiyo faida yake kuu. Utabiri wa balaa haukusudiwi kutimia. Mwenye kuona shimo njiani hapigi kelele ili aje asifiwe kuwa alisema kweli mwenzake anapotumbukia. Hupiga kelele ili mwenzake apite kando.

Yatazame sasa maonyo yaliyofungiwa kabatini. Baada ya mapigano ya kikabila yaliyotukumba miaka ya tisini, Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 na kuukabidhi uchunguzi wake 1999. Ripoti hiyo, iliyoeleza jinsi fitina za kisiasa na ardhi zilivyowasha moto ule, haikutolewa kwa umma hadi 2002. Hiyo ni miaka mitatu ya kukaa gizani. Kisha ikaja Desemba 2007. Dunia ilikuwa ikituita kisiwa cha amani, nasi tukaliamini jina hilo. Tume ya Jaji Waki ilipochunguza yaliyofuata, iliorodhesha vifo 1,133, mbali na mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa makwao. Jambo lililonichoma zaidi katika matokeo ya tume hiyo ni kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imekwisha kuonya kabla ya kura kupigwa kwamba fujo zingeweza kutokea. Onyo lilikuwapo. Liliandikwa, likapokewa na wakubwa, na matayarisho ya maana hayakufanywa. Mkulima wa Kiambaa na mchuuzi wa Kibera, ambao roho zao ndizo zilizokuwa hatarini, hawakuambiwa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Wachache walijua, wengi hawakujua, kama vile alivyopanga Hari Seldon. Lakini katika hadithi, wale wachache wenye siri ni wenye hekima wanaohangaika usiku na mchana kuwaokoa wengi. Katika maisha yetu, wachache wale walikuwa na shughuli nyingine. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya ndoto ya walinzi wa siri: inadhania kwamba mwenye kujua atakuwa mwema, tena atakuwa mwema siku zote, hata pale ambapo wema huo utamgharimu kiti chake.

Mara nyingine onyo halifichwi, bali hufunikwa kwa maneno matamu. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilibashiri kwamba mvua za vuli zingekuwa kubwa kwa sababu ya El Niño. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto aliwatuliza wananchi kwamba mvua hizo hazingekuwa za kuleta maafa yaliyohofiwa. Idara ilishikilia ubashiri wake. Kabla ya mwaka kuisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini na kuwahamisha wengine wengi, hasa kaskazini mashariki na pwani. Na kwa jirani zetu wa Somalia, maonyo ya njaa yalianza kutolewa tangu Agosti 2010, lakini misaada mikubwa ilisubiri hadi baa la njaa lilipotangazwa rasmi Julai 2011. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba takriban watu 260,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Elimu ya kutabiri njaa ilifanya kazi yake barabara. Waliokosekana ni wenye kuitika.

Zaidi ya kuficha na kufunika, liko la tatu ambalo ni la hatari mpya: kuugeuza utabiri uwe silaha. Mwezi Machi 2018, kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo afisa wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kwamba kampuni yake iliendesha kampeni za Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017, ikafanya utafiti wa maelfu ya watu mara mbili, ikaandika hotuba na hata kukibadilisha chama jina na sura. Chama cha Jubilee kilikiri tu kwamba kiliiajiri kampuni mama kwa kazi ya kukitangaza chama. Huenda afisa yule alitia chumvi, maana muuzaji husifu bidhaa yake. Lakini nia ilikuwa dhahiri: kuzijua hofu za Mkenya kuliko anavyozijua mwenyewe, na kuzitumia bila yeye kutambua. Huo ni mradi wa Camelot uliovaa suti.

Linganisha hayo na kura za maoni za 2022. Katika siku za mwisho kabla ya uchaguzi, tafiti kubwa zilimweka mbele Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa William Ruto asilimia 50.49 na Bw Odinga asilimia 48.85. Wengi waliwazomea watafiti. Mimi sikuona sababu ya kuwazomea hivyo, kwani walitangaza tarakimu zao kwa majina yao, tukawapima na tukajua mipaka yao. Mtafiti anayekosea mbele ya watu ananufaisha taifa kuliko yule anayepatia ndani ya chumba cha mikakati.

Na hapa ndipo ninapokumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kukusanya takriban Sh346 bilioni za ziada kwa kodi mpya. Miswada ya aina hiyo ilikuwa ikipitishwa kila mwaka, wananchi wakilalamika kidogo kisha wakinyamaza. Hesabu ya wanasiasa ilikuwa kwamba mambo yangekuwa vivyo hivyo, na kwa kipimo cha miaka iliyotangulia hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Lakini vijana waliusoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu. Waliufasiri kwa lugha za makwao, wakaufafanulia wazazi wao, wakapiga hesabu ya kila kodi kwa bei ya mkate na data. Juni 25 waliingia bungeni. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha vifo takriban 60 katika miezi ya maandamano hayo, na hakuna tarakimu ya bajeti iwezayo kuzilipa roho hizo. Mwaka uliofuata, maandamano yaliporejea Juni na Julai, roho nyingine zikapotea.

Wachambuzi wengi waliandika baadaye kwamba hakuna aliyeyatabiri hayo. Sikubaliani nao. Nyasi zilikuwa zimepimwa zamani: vijana wengi, vyeti vingi, kazi chache, deni kubwa, na gharama ya maisha isiyoshikika. Vile vigezo vya Turchin vilikuwa vikitutazama usoni. Kilichokosekana katika hesabu ni kwamba wanaohesabiwa nao wanajua kuhesabu. Sharti la pili la saikohistoria lilivunjika Kenya siku mwananchi alipokuwa na mswada mkononi mwake, na sidhani kwamba litaungika tena.

Najua yapo majibu dhidi yangu. Watasema kwamba kutangaza utabiri wa fujo ni kuzichochea. Kwamba ukilitaja eneo fulani kuwa hatarini, wenye duka watafunga, wenye panga watanoa, na hofu itazaa kile kilichohofiwa. Hoja hii siidharau. Katika uchaguzi wa 2013, vyombo vya habari nchini vilijizuia sana kwa ajili ya amani, hata vikalaumiwa kwamba vilinyamazia maswali yaliyostahili kuulizwa. Hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini kuna tofauti kati ya kupiga yowe sokoni na kuwaita wazee wa mtaa, makasisi, maimamu na viongozi wa vijana mkawaambia: dalili hizi na hizi zinaonekana, na serikali itafanya hivi na hivi kabla ya tarehe fulani. Uvumi hustawi pale ambapo habari za kweli zimefichwa. Kijiji kilichoambiwa ukweli mapema kina nafasi ya kusuluhisha. Kijiji kilichofichwa husubiri moshi.

Wengine watasema mwananchi wa kawaida hazielewi asilimia na uwezekano. Mkulima wa Machakos huiambia nafsi yake kila msimu kwamba mvua huenda ikanyesha na huenda isinyeshe, naye hupanda mahindi kidogo na mtama kidogo kwa tahadhari. Huyo anaelewa uwezekano kuliko mbunge mwenye hakika.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, wala si ya ajabu. Kwanza, kila ubashiri unaogharimiwa na kodi yetu, uwe wa mvua, wa njaa, wa deni au wa usalama wakati wa uchaguzi, utangazwe kwa lugha inayoeleweka, ukiwa na tarehe na jina la ofisi inayowajibika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa 2016. Yale ambayo kuyatangaza kutahatarisha maisha ya watu yazuiwe, lakini kizuizi kiwe na mwisho na mwenye kukitolea hesabu. Pili, ofisi iliyopokea onyo iseme hadharani imefanya nini, na baada ya tukio utabiri na vitendo vilinganishwe ili tujue ni wapi palipovuja. Tatu, vyama vitakavyowania 2027 vitaje ni kampuni zipi vimeziajiri kuwachunguza wapigakura, na habari zetu zimepatikana wapi. Sheria ya kulinda data tumekuwa nayo tangu 2019. Haifai kulala usingizi wakati wa kampeni.

La mwisho ni kwa wenye vyombo vya dola. Mtaalamu anapowaambia kwamba vijana watajaa barabarani, msilipokee neno hilo kama agizo la kununua mabomu ya kutoa machozi. Lipokeeni kama hati ya deni. Anayejua kwamba njaa ya kazi itawatoa vijana nyumbani, kisha akatayarisha rungu badala ya kazi, huyo hakushindwa na utabiri. Aliutumia vibaya kwa makusudi.

Masimulizi ya Wakikuyu yanamtaja Mugo wa Kibiru, mwaguzi aliyewaambia watu wake kwamba watakuja wageni wa ajabu pamoja na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka bahari moja hadi nyingine. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901. Wasimulizi husifu zaidi jinsi alivyopatia kuhusu nyoka. Mimi humsifu kwa lile jingine ambalo pia limo katika masimulizi hayo: kwamba aliwaita watu, akawaeleza alichokiona, na akawashauri wasikimbilie mikuki dhidi ya wageni wale bali wakae nao kwa hadhari. Watu wangeweza kumkubali au kumkatalia, lakini walikuwa wameambiwa.

Agosti 2027 inakuja, na tayari mahali fulani katika ofisi za umma na za kampeni zimo karatasi zinazosema ni wapi pana hatari, kwa nini, na kwa kiasi gani. Zitolewe sasa, wakati bado kuna muda wa kuzifanya ziwe za uongo.